Ishirini ya Saruji

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Kumi na Tatu,
Ngamiani bado inakoroma.
Naisikia baiskeli ya Semboja kabla sijamwona:
mnyororo mkavu, pedali moja inalia kama paka,
kisha sauti yake, isiyo na salamu:
"Fundi, umekuja kunyanyua au kunipima suruali?"

Namwambia leo nitamshona mdomo.

Jimu yetu ni stoo iliyowahi kulaza mkonge;
ukipiga chafya, nyuzi zake bado zinaruka.
Vyuma, ndiyo, twaviita vyuma,
ila ni saruji iliyomwagwa kwenye madebe ya rangi
na marehemu Shekalaghe, fundi mwashi,
akaziandika namba kwa kidole kabla hazijakauka:
20, 20, 20, 20.
Mbili zangu, za buluu. Mbili zake, nyekundu.
Hakuna aliyezigawa. Ilitokea tu, kama watu na mito yao ya kulalia.

Ekseli mbili za lori bovu, mabenchi mawili.
Tunalala chali sambamba kama maiti wa ajali moja
na kuhesabu kwa sauti,
maana kimoyomoyo watu huiba.
Kumi. Kumi na moja. Semboja anaanza kutukana.
Kumi na mbili, mshipa wa shingo yake
unakaza kama uzi uliovutwa vibaya kwenye bobini.
Kumi na tatu anautua.
Mimi napandisha kumi na nne,
taratibu, kwa maringo, huku namwangalia.

Ukutani naandika kwa chaki yangu ya kukatia vitambaa:
Mbaruku sitini na moja, Semboja thelathini na nane.
Anayeshindwa hununua supu Jumamosi
na kujaza upepo baiskeli ya mwenzake.
Matairi yangu yalikuwa magumu kama nazi.

Basi Alhamisi moja buluu yangu ikamomonyoka ukingo.
Nikazifunga zote mbili kwenye keria, na nyekundu moja ya mfano,
nizipeleke kwa mwashi.
Njiani, Makorora, muuza vyuma chakavu na mizani yake.
"Saruji sinunui," akasema, "ila kupima ni bure."

Buluu: kumi na sita na robo.
Nikacheka. Ule ukingo.
Buluu ya pili, nzima kama yai: kumi na saba.
Nyekundu
ikaupitisha mshale kwenye ishirini bila kugeuka nyuma,
ukatikisika, ukasimama ishirini na tatu.

Usiku ule nilishona sare ya mtoto wa watu
mikono yote miwili ya kushoto.

Ijumaa nikasema, "Leo tubadilishane. Buluu imenichosha."
Semboja akaganda, kamba ya kiatu mkononi.
"Umepima."
Sikujibu.
"Mimi nilipima mwaka juzi. Kwa muuza nafaka, Mgandini."

Mwaka juzi!
Supu zote zile. Pampu yote ile.

"Mwaka juzi walikuwa wamekuchukulia cherehani," akasema,
"ulikuwa hushindi popote."
Akafunga kiatu, akafungua, akafunga tena.
"Halafu nikaona kifua changu kinakua. Nikazidi kunyamaza."

Nikalala chini ya nyekundu.
Sita ilikuwa ndefu. Ya saba sitaki kuisimulia.
Ya nane mikono ikacheza kama ya mlevi anayetafuta tundu la kufuli,
na vidole vyake viwili vikaja chini ya ekseli,
havigusi, vipo tu.
"Sikusaidii," akasema. "Nane."

Nilipochukua tambara nifute ukuta, akanizuia:
"Acha. Supu imeshaliwa, itarudi vipi?
Chora yangu ya thelathini na tisa."

Sasa niko nje, nimeinama kwenye pampu,
jasho linadondokea rimu ya baiskeli yake.
Amesimama juu yangu, mikono kiunoni,
anahesabu kwa sauti ili Ngamiani nzima iamke,
na kumi na moja
anairudia mara tatu.